Usiilaumu kadi kwanza: kutunza laini za analogi kwenye PABX ya zamani

Simu ya chumba 214 ikinyamaza, mshtakiwa wa kwanza huwa kadi ya laini. Fundi hufungua kabati la PABX, huichomoa kadi, huipuliza vumbi, huirudisha, na simu ikiendelea kunyamaza huandika barua ya kuomba kadi mpya. Kadi yenyewe kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Itatafutwa kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika, itafika baada ya wiki nyingi, itachomekwa, na simu ya 214 itabaki kama ilivyokuwa, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye soketi nyuma ya kitanda.

Mwongozo huu ni wa anayetunza mtambo wa namna hiyo hotelini, hospitalini, chuoni au kiwandani. Nachukulia unajua kushika mita na bisibisi, na kwamba kilichomo ndani ya kadi hakijawahi kukuhusu. Tuanze na hicho, maana vipimo vyote vinavyofuata vinatokana nacho.

Kadi inavyoiona simu

Simu ya kawaida ya analogi haina anwani, haina programu, na haichomekwi kwenye umeme wa ukutani. Kila inachohitaji kinatoka kwenye poti yake ndani ya kadi, kwa nyaya mbili tu.

Cha kwanza ni umeme wa kuiendesha. Mtambo mkubwa huilisha laini volti 48 za mkondo mnyoofu, upande chanya ukiwa umefungwa kwenye ethi. Ukipima kutoka ethi, waya A utasoma karibu na sifuri na waya B karibu na −48. Betri zikiwa zinachajiwa unaweza kuona −54. Waliochagua kufunga chanya kwenye ethi walikuwa na sababu: unyevu unapoingia, waya wa shaba ulio hasi kuliko udongo hauliwi haraka. Mitambo midogo ya ofisini hailazimiki kufuata kiwango hicho, na mingine hutoa volti 24 au 30 tu. Kwa hiyo kabla ya kupima poti mbovu, pima poti nzima ya kadi hiyohiyo na uandike ulichosoma. Hicho ndicho kipimo cha afya cha mtambo wako, si namba ya kitabuni.

Mkonga wa simu ukiwa umelazwa mahali pake, hakuna mkondo unaopita. Ukiinuliwa, simu hufunga saketi, miliampea 20 hadi 40 huanza kupita, na volti kwenye simu hushuka hadi 6, 8 au 10 hivi. Kadi haijui kama huko mwisho wa waya kuna simu, maji ya mvua, au msumari wa seremala uliotoboa kebo. Inaona mkondo tu. Mkondo ukipita kiwango fulani, mara nyingi karibu na miliampea 10, kadi humwarifu prosesa kwamba ekstensheni imeinuliwa, na toni hutumwa. Shika hilo vizuri, kwa sababu mafumbo mengi ya simu za analogi hufumbuliwa na hilo peke yake.

Kengele ni habari nyingine. Ili simu ilie, mtambo huibebesha laini, juu ya zile volti za mkondo mnyoofu, mkondo geu wa volti 75 hadi 90, wenye mizunguko 25 kwa sekunde katika mitambo ya mtindo wa Ulaya na 20 katika ile ya Marekani. Kwa kawaida umeme huo hautengenezwi na kadi. Hutoka kwenye jenereta ya kengele iliyo kwenye ugavi wa umeme wa shelfu nzima, na kadi huwa na rilei au swichi ya elektroniki ya kuupitisha kwenye laini inayotakiwa. Wakati kengele inalia, kadi hubaki inachungulia kama kuna mkondo mnyoofu uliojitokeza. Ukijitokeza, inajua mtu ameinua, na inakata kengele papo hapo ili isimlipue sikio.

Sauti ikifika kwenye kadi hukutana na kazi mbili. Nyaya mbili zinabeba maneno ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, ilhali ndani ya mtambo njia hizo hutenganishwa. Kwa hiyo kuna saketi ya kuzigawa, iliyopimwa kwa laini yenye ukinzani wa omu 600 au thamani ya nchi husika. Laini ikitofautiana sana na matarajio hayo, sehemu ya sauti hurudi kama mwangwi. Halafu, katika mtambo wa kidijiti, sauti husomwa mara 8,000 kwa sekunde, kila usomaji ukiandikwa kwa biti 8, na ndipo zinapatikana zile kilobiti 64 kwa sekunde za kila mazungumzo. Ulaya na Afrika hutumia kanuni ya uandishi iitwayo A-law. Marekani na Japani hutumia mu-law. Mtambo uliopangwa kwa kanuni moja ukiunganishwa na kifaa kinachosema kwa nyingine, sauti hupita lakini hukwaruza na kuvurugika. Hilo si kosa la waya hata kidogo, ni la mipangilio.

Zimebaki kinga dhidi ya volti za ghafla na rilei ya kupimia laini. Kinga tutaigusa mbele.

Kabla hujagusa chochote

Volti 48 hazitakuangusha, ila simu ikiingia wakati umeshika nyaya zilizochunwa, kengele itakurusha mkono, na mkono ukirushwa ukiwa juu ya ngazi ndipo ajali inapotokea. Hotelini kuna la ziada. Kadi zinazowasha taa ndogo ya neoni kwenye simu ya mgeni mwenye ujumbe hupeleka volti zaidi ya 100 za mkondo mnyoofu kwenye laini. Katika mtambo wa Meridian 1, kadi ya NT8D09 hutumia −150. Fundi anayedhani ameshika laini iliyolala hushangaa.

Betri ni hatari ya namna tofauti. Betri 4 za volti 12 zilizofungwa mfululizo hazikupigi shoti ya kutisha, lakini pete au saa ya chuma ikigusa chanya na hasi kwa pamoja huwa nyekundu kabla hujaivua. Vua kwanza.

Kadi yenyewe inaogopa umeme tuli wa mwili wako. Vaa kamba ya mkononi iliyofungwa kwenye shelfu, au angalau gusa chuma cha kabati kabla ya kila kushika. Na usichomoe kadi wakati mtambo unawaka mpaka umesoma kitabu chake. Shelfu za Meridian 1 zimebuniwa kwa kadi za laini kuchomekwa na kuchomolewa umeme ukiwepo. Mtambo mdogo kama Panasonic KX-TES824 unatakiwa uzimwe kabisa kwanza. Kuchanganya desturi za mitambo miwili kumeua kadi nyingi kuliko uzee.

Hesabu wagonjwa kwanza

Kabla ya kuchukua mita, uliza ni simu ngapi zimekufa na ziko wapi. Swali hili hupunguza kazi ya siku nzima kuwa ya nusu saa, na ajabu ni kwamba wengi hawaliulizi kwa sababu mlalamikaji mmoja tu ndiye aliyepiga kelele.

Ikiwa ni simu moja, tuhumu kwa mpangilio huu: simu yenyewe, kamba yake, soketi, kebo, na mwisho kabisa poti. Ikiwa ni simu za ghorofa moja ambazo kwenye mtambo zinatoka kwenye kadi tofauti, kadi hazina hatia. Tafuta kebo ya ghorofa hiyo, au boksi la maungio lililojaa maji. Ikiwa ni simu 8 au 16 ambazo poti zake zinafuatana, hapo kadi inastahili kutazamwa, pamoja na kebo ya jozi 25 inayotoka nyuma yake. Zingatia kwamba namba za ekstensheni hazifuati namba za poti. Ekstensheni 214 inaweza kuwa poti ya 3 na 215 ikawa kwenye shelfu nyingine. Bila orodha inayosema namba gani iko poti gani na jozi gani kwenye fremu, unatembea gizani. Kama orodha haipo, kazi yako ya kwanza si kutengeneza simu bali kuiandika orodha hiyo.

Kuna dalili moja inayowaponza hata wazoefu. Simu zote zina toni, zote zinapiga nje bila shida, lakini hakuna hata moja inayolia. Mtu hubadilisha kadi, na ya pili nayo hailii, basi anaandika kwamba kadi zote zimeungua. Kilichokufa ni jenereta ya kengele ya shelfu hiyo, au fyuzi yake. Kadi zote 16 zinaweza kuwa nzima kabisa.

Kata laini katikati

Kila mtambo unaostahili jina hilo una fremu ya kugawia nyaya, MDF. Upande mmoja zinaingia kebo za mtambo, upande mwingine kebo za jengo, na kati yao nyaya za kuunganishia. Kwingi kwetu utakuta vipande vya Krone vya jozi 10, vyenye midomo inayobana waya bila kuchunwa. Ukibahatika, ni vile vya kukatika katikati: ukipachika plagi ndogo ya kutenganishia, upande wa mtambo na upande wa jengo vinaachana bila kung'oa waya hata mmoja. Hapo ndipo pa kusimama.

Pachika plagi kwenye jozi ya 214. Chukua simu unayoijua ni nzima, yenye kamba iliyofungwa vibanio viwili, uibane upande wa mtambo. Ukipata toni, na ukipigiwa ikalia, ukainua na kusikia vizuri, basi mtambo, kadi, poti na programu vyote vimeachiliwa huru. Usirudi kwenye kabati tena. Usipopata toni, pima volti hapohapo. Volti zikiwepo bila toni, shida ni ya programu au ya poti kushindwa kuona mkondo. Zisipokuwepo, sogea nyuma hadi kwenye kebo ya kadi.

Tuseme toni ipo, na malalamiko ya 214 ni haya: simu inalia mara moja kisha inakatika yenyewe, anayepiga anasikia kimya kana kwamba mgeni ameinua asiseme kitu. Hutokea zaidi wakati wa masika. Plagi ikiwa bado imepachikwa, geukia upande wa jengo, mwambie mwenzako achomoe simu chumbani, kisha pima ukinzani kati ya nyaya mbili. Laini kavu isiyo na simu inapaswa kusoma zaidi ya omu milioni 1. Mita yako inasoma omu 4,000, na namba haitulii. Geuza vidole vya mita, inasoma 5,500. Kugeuka huko ni alama ya maji: shaba mbili zenye kutu na unyevu kati yake zimekuwa betri ndogo, na mita inadanganywa na umeme wake.

Sasa piga hesabu. Volti 48, ukinzani wa omu 400 ndani ya kadi, na omu 4,000 za maji. Gawanya 48 kwa 4,400, unapata karibu miliampea 11. Hicho ndicho kiwango ambacho kadi huanza kuamini kwamba mkonga umeinuliwa. Asubuhi ukuta ukiwa umekauka kidogo, mkondo ni mdogo na simu inaonekana nzima. Usiku mvua ikinyesha, kadi inakata kengele kwa uaminifu kabisa, ikidhani mgeni ameitika. Ubadilishe kadi mara ngapi? Ipya nayo itafanya vilevile, kwa sababu inatimiza kazi yake sawasawa.

Maji yakizidi, au nyaya zikigusana kabisa, kadi huona simu iliyoinuliwa muda wote. Mtambo hutuma toni, hungoja namba, haupati, huenda ukapiga mlio mkali wa kuonya, kisha huifungia laini hiyo nje. Ukipima wakati huo utakuta volti zimeshuka na utadhani poti imekufa. Ondoa shoti, ngoja kidogo, itarudi yenyewe.

Upande wa pili wa shoti ni waya uliokatika. Mwambie mwenzako aunganishe nyaya mbili pamoja chumbani, nawe upime kwenye fremu. Waya wa shaba wa milimita 0.5 una omu 84 hivi kwa kilomita, kwa hiyo jozi ya kwenda na kurudi ni omu 168. Chumba kilicho mita 200 kitasoma kama omu 34. Ukisoma 34, njia ni nzima. Ukisoma 300, kuna kiungo kilichooza mahali, hata kama simu bado inafanya kazi leo.

Onyo moja la vipimo: kile kifaa cha kupimia insuleshini kinachotoa volti 250 au 500 kisiguse laini iliyounganishwa na kadi. Plagi ya kutenganishia iwe imepachikwa, na simu iwe imechomolewa upande wa pili.

Kelele, sauti za majirani na kitufe cha R

Mngurumo mzito usiokoma ni umeme wa jengo, mizunguko 50 kwa sekunde, ulioingia kwa sababu nyaya mbili za jozi hazina usawa tena. Jozi husokotwa ili kelele iingie sawa kwenye waya wote wawili na kadi iifute kwa kutoa mmoja kwenye mwingine. Waya mmoja ukivujia kwenye ethi, kufutana huko kunaharibika. Tenganisha laini, pima kila waya dhidi ya ethi, na ule wenye ukinzani mdogo ndio mgonjwa.

Mkwaruzo unaokuja na kuondoka mtu akitikisa kamba ni kiungo kilicholegea. Kusikia mazungumzo ya chumba cha jirani karibu kila mara ni kazi ya mkono wa binadamu: mtu alichukua waya mmoja kutoka jozi ya buluu na mwingine kutoka jozi ya rangi ya chungwa, toni ikaja, akaondoka. Nyaya hizo mbili hazijasokotwa pamoja, na kila moja inasikiliza mwenzake wa zamani. Mita haitakuonyesha chochote. Itakubidi ufungue kisanduku na kutazama rangi kwa macho.

Simu ikiwa na toni lakini ukibonyeza namba toni haikatiki, geuza simu utazame swichi ya pembeni au ya chini, ile ya T na P. Kwenye P simu hukatakata mkondo, mikato 10 kwa sekunde, sifuri ikiwa mikato 10. Ni urithi wa mitambo iliyotokana na swichi ya Almon Strowger, Mmarekani mfanyabiashara wa mazishi aliyepata hataza yake mwaka 1891. Kwenye T kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja. 5, kwa mfano, ni mizunguko 770 na 1,336 kwa sekunde. Kadi nyingi huelewa vyote viwili, lakini programu inaweza kuwa imekatazwa kimoja.

Malalamiko ya mapokezi kwamba "simu haihamishi" hutoka kwenye kitufe cha R. Kitufe hicho hukata mkondo kwa muda mfupi sana, na kadi hupima urefu wa mkato huo. Simu za mtindo wa Uingereza hukata kwa milisekunde 100 hivi, za Marekani karibu 600. Mkato ukiwa mfupi kuliko matarajio, mtambo hauuoni. Ukiwa mrefu mno, mtambo unadhani mtu amekata simu, na mteja anaangukia hewani. Opereta atalaumiwa bure. Badilisha muda huo kwenye simu au kwenye mtambo, vilingane.

Halafu kuna wanaounganisha simu 5 kwenye laini moja, sebuleni, chumbani, bafuni, ili zote zilie. Umeme wa kengele hugawanywa kati yao. Simu za zamani zenye kengele ya chuma hula zaidi. Zikizidi, zote hulia kwa unyonge au hazilii kabisa, tena kadi nzuri huonekana dhaifu.

Radi na chumvi

Kadi zikifa kweli, mara nyingi muuaji huwa radi. Si lazima ipige jengo. Ikipiga karibu, kebo iliyokwenda getini au kwenye nyumba za wafanyakazi huokota volti nyingi na kuzileta moja kwa moja kwenye poti. Kinga ya ndani ya kadi ni ndogo, imekusudiwa mabaki tu. Kinga kubwa inatakiwa iwe kwenye fremu: mirija midogo ya gesi yenye ncha tatu, moja kwa kila jozi, ambayo volti zikipita kiwango chake, mara nyingi 230, huzimwagia ethi.

Neno la kuangalia hapo ni ethi. Nimeona fremu zenye mirija mipya inayong'aa, na waya wa kijani na njano ukining'inia bila kufungwa popote. Mirija hiyo ni mapambo. Pia ethi ya simu na ethi ya umeme wa jengo zifungwe pamoja kwa waya mnene. Zikiachwa mbalimbali, radi hutengeneza tofauti ya volti kati yake, na njia yake ya kupatanisha ni kadi yako.

Baada ya dhoruba, laini iliyokufa ichomoe mrija wake kwanza. Mingi imeundwa ili ikiharibika ijifunge shoti, laini inyamaze lakini kadi ipone. Toni ikirudi baada ya kuuchomoa, weka mwingine siku hiyohiyo.

Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, adui wa kila siku ni hewa ya chumvi. Midomo ya Krone inageuka kijani, viungo vinaongezeka ukinzani, na mikanda ya dhahabu kwenye kingo za kadi inapata ukungu. Usinyunyizie mafuta kwenye fremu. Hukusanya vumbi, na vumbi lenye chumvi hupitisha umeme. Kata ncha ya waya iliyooza, ubane upya mahali pengine kwa kifaa chake maalumu. Bisibisi hupanua mdomo, na mdomo uliopanuka haubani tena maisha yake yote. Kwa kadi, futa kingo kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kifutio cha penseli, ambacho mafundi wengi hukipenda, hukwangua dhahabu.

Kadi ikiwa imekufa kweli

Thibitisha kwa kubadilishana. Kwenye fremu, hamisha waya wa 214 kwenye poti ya jirani iliyo nzima, na wa jirani ulete kwenye poti ya 214. Ugonjwa ukibaki kwenye poti ileile ingawa laini imebadilika, umempata.

Hata hapo, kadi nzima haijafa. Poti moja kati ya 16 imekufa. Hamishia ekstensheni kwenye poti ya akiba, badilisha orodha yako, bandika alama nyekundu kwenye poti mbovu, na uendelee na maisha. Kadi yenye poti 13 nzima ni mali.

Kwenye Meridian 1 kazi hii ina utaratibu wake. Mtambo huo ni uzao wa SL-1 ambayo Northern Telecom ya Kanada iliitoa mwaka 1975. Kampuni hiyo baadaye iliitwa Nortel, ikaomba hifadhi ya ufilisi Januari 2009, na biashara yake ya mitambo ya ofisini ikanunuliwa na Avaya. Ingia kwenye programu namba 32, LD 32. Amri ya STAT itakuambia hali ya poti, DISI huizima kadi inapokuwa haina mazungumzo, ili usimkate mtu katikati ya maneno, ENLC huiwasha. Ukichomeka kadi, taa nyekundu usoni pake huwaka sekunde chache ikijipima, humeta mara 3 kama imejiona nzima, kisha hubaki inawaka mpaka uiwashe kwa amri. Wengi huiona taa nyekundu na kuirudisha kadi kwa muuzaji. Taa hiyo inasema tu kwamba bado haijaruhusiwa kufanya kazi.

Ukinunua kadi iliyotumika, taja namba kamili ya modeli pamoja na herufi na tarakimu za mwisho, maana toleo la nchi moja linaweza kutofautiana na la nyingine kwa ukinzani wa laini au kwa kanuni ya sauti. Ikifika, inuse. Harufu ya kuungua haifichiki. Tazama kapasita zilizovimba kichwani, na vizuizi vya kulishia laini vilivyobadilika rangi, mara nyingi viwili kwa kila poti. Fundi mzuri wa elektroniki anaweza kubadilisha vizuizi hivyo na hata chipu ya poti. Kabla ya kulipa pesa yote, jaribu poti zote: toni, kengele, na mazungumzo ya dakika kadhaa. Poti inayotoa toni lakini haipitishi kengele ni ya kawaida mno kwenye kadi za mitumba.

Siku ya kuhamia kwenye kitu kingine

Mtambo ukifika mahali ambapo prosesa au ugavi wa umeme haupatikani tena, huna haja ya kung'oa nyaya za jengo wala kutupa simu 200 za vyumbani. Kuna vifaa vya kugeuza, vyenye poti 24 au zaidi za analogi upande mmoja na mtandao wa kompyuta upande wa pili. Unavibana kwenye fremu ileile, mahali palipokuwa na kadi. Poti hizo zifanye kazi za kadi uliyoiondoa: zilishe umeme, zipige kengele, zione mkonga ukiinuliwa. Hakikisha umenunua poti za kulisha simu, si zile za kupokea laini ya kampuni ya simu. Kwa sura zinafanana, lakini ya pili haitoi umeme wowote. Na kamwe usiunganishe poti ya kulisha na poti nyingine ya kulisha, kila moja itamsukumia mwenzake volti zake.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni umbali. Kadi ya zamani ilibuniwa kulisha laini ndefu, kilomita na zaidi, bila kulalamika. Vifaa vingi vya kisasa vimefikiria simu iliyo chumba cha pili, na kengele yake huchoka njiani. Umeme wa jengo ukikatika navyo hukatika, isipokuwa vimewekewa betri, wakati simu ya kwenye lifti inatakiwa ifanye kazi hasa saa hiyo. Kwa hiyo omba kifaa kimoja cha majaribio kabla ya kusaini chochote, kiwekee betri, zima umeme mkuu, halafu jaribu simu ya lifti na simu iliyo mbali kuliko zote, ambayo kwa kawaida ni ya mlinzi wa geti la nyuma. Ikilia huko kwa sauti ya kumwamsha, endelea na manunuzi.